Tarehe ya Talaka

Kwetu mwambaoni, mwanamke aliyeachwa huulizwa ameachwa talaka ngapi. Ni nadra kuulizwa ameachwa tarehe gani. Sisi, ndugu wanne wa Mji wa Kale, Mombasa, tumeishi na swali hili la pili kwa karibu mwaka mzima, kwa kuwa dada yetu aliachwa kwa sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwa simu, mumewe akiwa kazini Doha.

Talaka haingoji karatasi, ikitamkwa imepita. Lakini eda huanza kuhesabiwa papo hapo, na mambo mengi hufuata hesabu hiyo. Katika talaka rejea, mke hubaki nyumbani mpaka zitimie twahara tatu, au ajifungue ikiwa ni mjamzito, na mume humlisha na kumpa makazi; Surat Talaq imekataza kumtoa. Katika muda huo mume aweza kumrejea bila nikahi mpya. Tena mmoja wao akifa, mwenzake humrithi: lau shemeji yetu angefariki mwezi wa pili, dada angepata thumuni, kwa kuwa kuna watoto. Eda ikiisha, hana fungu. Siku moja yaweza kumtenga mjane na mtu baki.

Mwezi wa saba dada alipata mposaji. Shemeji, ambaye alikuwa amekuja likizo, akadai kwamba alikwisha kumrejea zamani, eda haijaisha. Hapo tulimshukuru Mola kwa ile sauti, maana simu ilikuwa imeihifadhi pamoja na siku na saa yake. Tukaenda Mahakama ya Kadhi. Mume alitakiwa alete shahidi wa kurejea kwake, hakuwa naye. Dada akaapa kuwa habari hiyo haikumfikia. Cheti cha talaka kiliandikwa tarehe ya ile sauti, si tarehe ya kesi. Wapo jamaa waliotulaumu kwa kuanika mambo ya nyumba kortini. Sisi twaona ni aibu zaidi mwanamke kukaa asijue kama ni mke wa mtu.

Kuhusu watoto, wazee katika kikao cha kwanza cha nyumbani walikuwa wameandika kwamba baba atatuma matumizi “kwa kadiri atakavyojaaliwa”. Miezi mitano hakujaaliwa. Masurufu ya mke aliyeachwa yana kikomo chake; ya watoto hayakatiki kwa talaka, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imewawajibisha baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Safari hii tuliomba kiandikwe kiasi, siku ya mwezi, nani alipe karo na nani alipe dawa. Tuliomba pia fedha zipitie M-Pesa, zisipitie mkononi mwa ami yao. Ujumbe wa simu hausahau, na ami, Mungu amweke, husahau.

Mahari iliyoandikwa kuwa ni deni katika cheti cha nikahi nayo ilitajwa, na inalipwa kidogo kidogo. Lililobaki ni likizo za watoto: baba awataka Disemba nzima, mama yao amekubali nusu. Tumepangiwa kusikilizwa Jumatatu ijayo. Mposaji angali anasubiri.