Kamati ya Saa, Nimewasikia

Leo sileti mahubiri. Naandika kuhusu saa ya mkononi, na nakuomba usome mpaka chini kabla hujaandika "Amina", maana wengine wenu huniandikia Amina kabla mimi mwenyewe sijamaliza kuchapa.

Nimesikia kuna kamati. Msiniulize nani kaniambia. Watoto wa shule ya Jumapili hawawezi kubeba siri kutoka mlangoni hadi kwenye viti. Kamati inachangisha kuninunulia saa kwa kuwa mwaka huu natimiza miaka 15 ya utumishi hapa Lamu, na kwa kuwa mliona saa yangu ilivyotumbukia baharini pale gati la Mtangawanda nikimshika mzee mmoja mkono ashuke. Nimeambiwa mmefika shilingi 58,000 na lengo ni 90,000. Saa yenyewe imeshachaguliwa: ya Uswisi, isiyotumia betri, inayojijaza yenyewe mkono ukitikisika, na mgongo wake ni wa kioo ili magurudumu yaonekane yakizunguka. Picha nimeiona. Nimeitazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Ndiyo maana naandika hapa, mbele yenu wote, nisije nikabadili nia. Naomba mninunulie saa ya betri.

Ndugu mmoja nilipomdokezea alishtuka. "Pasta, saa ya betri ni ya mtoto wa shule. Wageni wakija watatuonaje?" Ndugu yangu, usinichukie, ila swali lako ndilo lililoniamsha usiku kuandika. Kuna jambo sijawahi kulieleza kanisani. Mama anayehusika nimemwomba ruhusa, naye amenipa, tena yeye ndiye mhazini wa kamati yenu.

Ilikuwa 2014. Wengi wenu mlikuwepo, sina haja ya kueleza Juni ya mwaka ule pale Mpeketoni. Julai ikaja kafyu: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hakuna kutoka. Anayekaa ng'ambo ya maji anajua maana yake. Boti ya mwisho kutoka Mokowe kwenda Amu ilibidi iondoke mapema, abiria wafike na kuingia majumbani kabla ya muda. Ukiikosa, umelala ulipo.

Wakati huo nilivaa saa ya marehemu baba. Baba alikuja Mpeketoni miaka ya 70, mmoja wa waliopewa mashamba ya Ziwa Kenyatta, na saa ile aliinunua Mombasa kwa pesa za pamba. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo. Kila asubuhi kabla sijapiga magoti niliizungusha kile kifundo chake mpaka kigome, kama nilivyomwona yeye akifanya. Nikisikia inavyogonga, nilimsikia baba. Kwa hiyo usifikiri naandika haya kwa kudharau saa za magurudumu.

Mama huyu alikuwa na mtoto wa miaka 4 amelazwa Amu kwa homa ya mapafu. Asubuhi alimwacha na bibi yake, akavuka kuja Mokowe kutafuta pesa za dawa. Tukachanga. Mimi nikaenda Hindi kwa pikipiki kukusanya iliyobaki, nikamwambia, "Mama, tukutane gatini saa kumi na mbili kasorobo, tuvuke pamoja." Simu yangu ilizima chaji mchana, na nguzo za stima za Hindi siku ile zilikuwa za mapambo tu. Sikujali. Mkononi nina saa.

Nilifika gatini mshale ukionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika 20. Nilijiona nimewahi, hata nikashuka kwenye pikipiki polepole. Boti ilikuwa katikati ya maji, inakwenda. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi peke yake, mfuko magotini. Hakupanda kwa sababu pesa zilikuwa kwangu na kwa sababu nilimwahidi.

Akaniuliza, "Mchungaji, saa yako ni ngapi?"

Nikamwonyesha. Akaitazama, akaitazama boti, akanyamaza. Nimehubiri miaka mingi na nimesemwa vibaya mara nyingi, lakini ukimya ule ndio unaonirudia. Alilala Mokowe kwa mshirika wetu mmoja, mtoto wake ng'ambo akimwita usiku kucha. Tulivuka asubuhi kafyu ilipokwisha. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, na leo ni kijana mrefu kunizidi. Ila usiku ule hatukujua kama atapona.

Saa ilikuwa nyuma kwa dakika 23. Niliipeleka kwa fundi mmoja mzee kule Langoni, Mwislamu mcha Mungu ambaye sasa ni marehemu. Akaifungua, akavaa lenzi yake jichoni, akatikisa kichwa. "Hini ni saa nzuri, pasta. Lakini mafuta yamekauka, na chumvi imekula kifundo. Lini ilisafishwa?" Sikujua. Baba alifariki 1998. Mzee akaniambia saa ya magurudumu ni kama punda: isafishwe na kutiwa mafuta kila baada ya miaka minne au mitano, la sivyo itakubebea mzigo huku inachechemea na wewe huoni. Ilikuwa inapoteza dakika 5 na zaidi kila siku. Niliirekebisha Jumapili kabla ya ibada, na ile ilikuwa Alhamisi. Piga hesabu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za saa, na nikajifunza vitu ambavyo ningependa uvijue kabla hujachanga.

Ndani ya saa ya betri, ile iliyoandikwa "Quartz" usoni, kuna kipande cha jiwe la kwatsi kidogo kuliko punje ya mchele, kimechongwa kama panda ya manati. Umeme wa betri unakifanya kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa mbili mara 15 mfululizo, utabaki na moja. Ndivyo kile kisakiti kinavyohesabu, na kila moja inapopatikana mshale unaruka sekunde. Saa nyingi za zamani za kutia ufunguo hupiga mara 5 kwa sekunde, na kila pigo linategemea springi, mafuta, joto na namna ulivyolaza mkono.

Matokeo yake? Saa ya magurudumu iliyopimwa na kupewa cheti rasmi cha Uswisi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Hiyo ni kati ya zilizo bora. Za kawaida hukosea sekunde 20 kwa siku na mafundi huziita nzima. Kwa mwezi ni dakika 10. Saa ya betri ya kawaida hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima.

Na ndugu yangu wa "mtoto wa shule", sikiliza hili. Saa ya kwanza ya mkononi ya namna hii kuuzwa duniani ilitolewa na Seiko, Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969. Siku ya Krismasi, ndiyo. Bei yake ilikuwa yen 450,000, sawa na gari dogo la wakati ule, na kasha lake lilikuwa la dhahabu. Walioinunua hawakuwa watoto wa shule. Bei zilishuka baadaye, na zilipoanguka viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa na maelfu wakakosa kazi. Leo saa ya magurudumu inauzwa kama pambo la ufundi, na ufundi wake ni wa kweli. Ninyi mnanihitaji gatini kwa wakati.

Sasa tuje kwenye ubora, maana sitaki kamati ikimbilie saa ya shilingi 600. Baada ya yale ya Mokowe, mimi kwa hasira nilinunua moja ya namna hiyo barabarani. Miezi saba, ukungu ndani ya kioo, mishale imesimama. Hewa yetu ina chumvi hata ukiwa kitandani. Mlango wa chumvi ni mgongo wa saa: kuna mpira mwembamba unaozuia maji, na kila mara mgongo unapofunguliwa kubadili betri mpira ule unapindika au unarudishwa umechoka. Kwa hiyo naomba mtafute yenye kasha la chuma kisichoshika kutu, iliyoandikwa kuhimili maji mita 100, maana ile ya mita 30 ni ya manyunyu tu. Ikiwezekana iwe ya kujichaji kwa mwanga. Jua tunalo, la bure, na mgongo wake utakaa miaka mingi haujaguswa. Kioo kiwe kigumu, mishale iwe minene, namba zionekane gizani. Bei yake ni elfu ishirini na kitu. Iliyozama Mtangawanda ilikuwa ya betri ya aina hiyo hiyo, na ilinitumikia miaka 9.

Jambo lililonivutia zaidi ni dogo. Nyingi kati ya saa hizi nzuri, nguvu zikikaribia kwisha, mshale wa sekunde huanza kuruka sekunde mbili kwa mara moja. Inakwambia mapema, na bado inasoma saa sahihi wakati inakwambia. Saa ya baba haikuniambia kitu. Iligonga vilevile, kwa sauti ileile niliyoipenda, huku ikiniacha nyuma.

Utasema simu ina saa. Ina saa, na nikiitoa mimbarani nusu yenu mnadhani nasoma WhatsApp. Tena simu na boti hamjawahi kuwa marafiki, wanaojua wanajua. Utasema pia manahodha wa hapa hawana haja ya saa, wanasoma maji. Kweli kabisa. Nahodha anajua kujaa kwa leo ni kama dakika 50 baada ya kujaa kwa jana, na anajua ni lini pale Mkanda panapita na ni lini utakaa kwenye mikoko ukingoja maji. Yeye anakubaliana na bahari. Mimi nakubaliana na watu: mwalimu aliyeomba ruhusa shuleni, muuguzi anayetoka zamu, mama mwenye mfuko magotini.

Ya baba iko kabatini, nimeifunga kwenye kitambaa. Alisafisha yule mzee wa Langoni mwenyewe na hakutaka pesa. Naitia ufunguo mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki baba, nasikiliza mpaka inasimama. Nilijaribu kumpa kijana wangu mkubwa akakataa, akasema inapiga kelele.

Pesa itakayobaki si yangu kuipangia. Ila kama kamati inataka maoni, jaketi za kuokolea maisha kwenye safari zetu za visiwani ni 6 na sisi huwa 14.

Tangazo: safari ya Faza ni Jumamosi hii. Ni bamvua, maji yatajaa karibu na saa kumi alasiri, kwa hiyo boti inaondoka Amu saa nane kamili mchana ili tukifika Mkanda tukute maji yanapanda. Tutalala, ibada ni Jumapili asubuhi kwa wale walimu. Wa Mokowe vukeni mapema. Mimi nitakuwa gatini saa nane kasorobo, na saa ya kuazima ya mke wangu, ile ya mkanda wa waridi. Anayetaka kucheka acheke leo, hapa chini.