Vidole Vilivyotangulia Ulimi

Nilisomesha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiamini kwamba lugha huanzia kinywani. Ndiyo maana binti yangu alipoanza kumfundisha mwanawe wa miezi minane ishara za mikono, nilinung'unika. Kufumba na kufumbua kiganja, mithili ya mkono wa mkamuaji, kulimaanisha maziwa. Kugonganisha ncha za vidole vya mikono miwili kulimaanisha zaidi.

"Mwanangu," nikamwambia, "msemeshe mtoto. Mikono itamwibia ulimi."

"Namsemesha, baba. Kila ishara naitamka."

Akanisimulia habari za Linda Acredolo, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1980 alimwona binti yake mdogo akinusanusa kila aonapo ua. Kabla hajaweza kulitamka, alikwisha kulitaja kwa pua. Ndipo Acredolo na mwenzake, Susan Goodwyn, wakaanza kuchunguza ishara za watoto wachanga. Nilisikiliza kwa adabu, nisijifunze hata ishara moja.

Usiku mmoja binti yangu alikuwa zamu kazini, nami nikabaki na mjukuu, aliyekuwa ametimiza miezi kumi na minne. Akaamka akilia. Nikampa maziwa, akayasukuma. Nikambeba, nikambembeleza kwa kila wimbo niujuao. Yeye akawa anazikutanisha ncha za vidole vyake viwili vya shahada karibu na sikio, tena na tena, akinitazama machoni. Nikadhani anacheza.

Alfajiri mama yake aliporejea, mtoto alirudia ishara ile mara moja tu.

"Baba, anasema sikio linamuuma."

Daktari alipomchunguza, alikuta sikio limevimba ndani. Dawa zilimponya baada ya siku chache. Mimi sikupona upesi hivyo. Usiku kucha mtoto alikuwa akisema, na asiyejua lugha alikuwa mwalimu wa lugha.

Sitaki kutia chumvi. Ishara chache za mtoto si Lugha ya Alama ya viziwi, ambayo ina sarufi yake kamili. Wala haijathibitika kwamba humfanya mtoto awe na akili kuliko wenzake. Lakini pia haijaonekana kwamba humchelewesha kusema, kama nilivyohofu. Mwaka 1991, Laura Petitto na Paula Marentette walieleza kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi watumiao lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono, kama watoto wengine wabwabwajavyo kwa sauti. Basi kinywa ni mlango mmoja tu wa lugha. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani na kusikiliza vina ni wepesi wa kulisahau hilo.

Mjukuu wangu sasa anasema. Husema "maziwa" huku kiganja chake kikifumba na kufumbua, ingawa neno peke yake lingetosha. Nami humjibu hivyo hivyo, kwa ulimi na kwa mkono. Ishara zake zote nimekwisha kujifunza, na ile ya maumivu ndiyo niliyoanza nayo.