Soksi za Mikononi

Kwa miaka mitatu mwanangu hakulala bila soksi mikononi. Pumu ya ngozi ilimwanza akiwa na miezi 4, mashavuni kwanza, kisha ikahamia kwenye vikunjo vya viwiko na nyuma ya magoti. Tulikuwa tunaishi Silver Spring, jimbo la Maryland, Marekani, na mimi nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee. Nikirudi nimechoka, nalala, na saa nane za usiku naamshwa na kile kisauti: kucha zinakwaruza ndani ya soksi, kras, kras, bila kupumzika. Asubuhi shuka lina vitone vya damu na unga mweupe wa ngozi iliyobanduka. Nilikuwa nalikung'uta mapema baba yake asilione.

Mama yangu alipiga simu kila Ijumaa kutoka Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu anaendeleaje?"

"Anajikuna, mama."

"Mchemshie mwarobaini umwogeshe."

Mwarobaini huku nitautoa wapi? Nilisema ndiyo mama, nikakata simu, nikalia.

Wapo walioniambia mtoto kapigwa jicho. Hilo nilivumilia. Lililonichoma ni neno la mama mmoja harusini, aliyemtazama mwanangu shingoni akamwambia jirani yake, nami nasikia, kwamba mtoto huyu haogeshwi. Kesho yake nilinunua sabuni ya dawa kali kuliko zote dukani, nikaleta na dodoki. Nikawa namsugua asubuhi na jioni kwa maji ya moto, anapiga kelele, nami nasema vumilia baba, nawaua wadudu. Hakuna ninalolijutia katika ulezi wangu kama hilo. Ngozi iliyokuwa imechanika tayari, mimi nikaichubua kwa mikono yangu.

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda haikutusaidia. Daktari alimtazama akasema hali si mbaya kwa kuwa hakuna wekundu. Mtoto ni mweusi! Ngozi yetu ikiwaka haiwi nyekundu kama ya Mzungu. Inageuka ya kijivu au zambarau, inapata vipele vidogo vidogo, halafu inakuwa ngumu kama gome. Tulirudi nyumbani na krimu hafifu na usiku uleule wa soksi.

Bingwa wa ngozi tuliyempata baadaye alifanya jambo dogo ambalo sitalisahau. Alifunga macho, akampapasa mwanangu kwa ncha za vidole, kiwiko hadi kifundo, kama mtu anayepima kitambaa. Akasema, hii imekwenda mbali. Akatuandikia krimu ya steroidi yenye nguvu, ya siku chache tu, na mafuta ya mgando ya kupaka wakati mwili ungali na unyevu wa kuoga. Kisha akauliza namwogesha na nini. Nilipomjibu, akaniomba niache siku hiyohiyo.

Alinieleza kwamba juu ya ngozi ya kila binadamu wanaishi bakteria, na wengi wao si adui, wamo wanaotulinda. Ngozi ya mwenye pumu hii ina ukuta dhaifu. Kwa wengine chanzo ni kasoro katika jeni ya protini iitwayo filagrini, jambo lililogunduliwa mwaka 2006. Ukuta ukipata nyufa, unyevu unatoka, na bakteria mmoja, Staphylococcus aureus, anashamiri kuliko wenzake. Sumu zake zinachochea uvimbe na muwasho, mtoto anajikuna, nyufa zinaongezeka. Nami kwa sabuni yangu nilikuwa nauharibu ukuta uleule na kuwafukuza wenyeji wema.

Ndipo nikaanza kufuatilia habari za bakteria hao. Mwaka 2018, huko Bethesda, mwendo mfupi wa basi kutoka kwetu, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya wakiongozwa na Dkt. Ian Myles walitoa matokeo yao. Walikuwa wamechukua bakteria aitwaye Roseomonas mucosa kwenye ngozi za watu wasio na ugonjwa, wakamwotesha, wakamtia hai ndani ya maji ya sukari, na kuwanyunyizia wagonjwa. Watu wazima 10 walinyunyiziwa mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, na kwa 6 kati yao dalili zilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwanangu wa miaka 2 alikuwa mdogo mno kwa majaribio yale. Mwaka 2020 wakatangaza habari za watoto 20: 17 walipata nafuu ya zaidi ya nusu. Nilisoma nikiwa kwenye basi, nikashuka kituo kisicho changu.

Kundi hilohilo la watafiti lilionyesha kwamba baadhi ya viungo vya kuzuia losheni isiharibike, hasa aina fulani za parabeni, vinamzuia bakteria huyo asikue. Nilimwaga losheni zote zenye viungo hivyo au manukato, tukabaki na mafuta ya mgando na kanga kuukuu ya mama, pamba tupu iliyolainika kwa kufuliwa, ndiyo ikawa shuka lake.

Lakini mwaka 2021 kampuni iliyoichukua dawa ile ikafanya jaribio kubwa zaidi, likashindwa: walionyunyiziwa bakteria hawakuwapita walionyunyiziwa maji yasiyo na bakteria. Siku hiyo niliumia. Nalisema wazi kwa sababu mama mwenye mtoto anayejikuna yuko tayari kununua chochote, na anastahili kuambiwa yote.

Mwaka 2024 bakteria huyo alipoanza kuuzwa bila cheti cha daktari, nilimwuliza daktari wetu. Alisema tunaweza kujaribu, ila krimu tusiitupe. Mwanangu, wakati huo akiwa na miaka 8, alijinyunyizia mwenyewe kwenye viwiko, kakunja uso kwa ubaridi. Miezi ilivyokwenda ngozi ya pale ililainika. Huenda ni bakteria, huenda ni mafuta, huenda ni umri, sitamdanganya mtu. Baridi ikikaza bado inamrudia, na tunarudi kwenye krimu. Lakini analala, alhamdulillahi, usiku kucha.

Ijumaa moja alimwonyesha bibi yake mikono kwenye simu.

"Mlimpaka nini mume wangu?"

"Wadudu, mama."

Kimya. "Wadudu wa nani?"

"Walitolewa kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya, hatumjui."

Mama akanyamaza tena, akasogeza uso karibu na simu akitazama kile kiwiko.

"Mungu amlipe kheri," akasema, "na ngozi yake isiwashe kamwe."