Cha Muda na cha Kudumu

Mwanafunzi mmoja wa Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson, alihitaji tarakilishi ya kuchapia tasnifu yake. Fedha hazikutosha prosesa bora. Akanunua hafifu, ya muda. Wenzake wa Lodwar wakamcheka. Akawakumbusha kiwanda cha samaki kilichojengwa kwao kwa msaada wa Norway: majokofu yalinyamaza mapema, ghuba ikakauka miaka ya 1980, nao wavuvi wakaendelea kuanika samaki juani.

Hata hivyo, hakuchagua ovyo. Alitafuta ubao wenye soketi ya AM4, ya mwaka 2016, ambao programu yake ya msingi ikihuishwa hupokea hata prosesa za 2020. Unyonge wa leo si aibu, mradi usifunge mlango wa kesho.

Prosesa bora ingali dukani; tasnifu imekwisha.