Frezezi ya baba mdogo

Kasaji. Leo sina habari ya mkutano wala ya barabara. Nina habari ya nyumbani kwetu.

Baba mdogo alijifunza kazi ya chuma katika karakana za Gécamines, Kolwezi. Mwaka jana alinunua frezezi ya zamani, mashini ya kuchonga chuma, ikaletwa kwa lori. Kutu ilikuwa imekamata meza, haisogei. Nikachukua mashini ya kusugua. Akapiga kelele: "Mwanangu, acha! Njia za meza zilinyooshwa kwa mkono. Ukizichubua, meza itacheza, kazi itatoka kombo." Basi tukalowesha petroli ya taa, tukasugua kwa kitambaa, jioni nyingi.

Kisha zikatakiwa freze za kukatia, na jiliwa la kushika chuma. Vikala pesa kupita mashini yenyewe. Mama mdogo akanuna, na alikuwa na haki.

Jumanne mashini ya kusaga mahindi ya mtaani ikasimama. Klaveti, kile kichuma kinachofunga puli na muhimili, ilikatika na kuharibu mfereji wake. Zamani muhimili ungepelekwa Kolwezi, watu wangengoja. Safari hii baba mdogo aliwasha jenereta, akachonga mfereji mpya upande wa pili wa muhimili.

Saa kumi unga ukatoka. Mama mmoja aliyekimbia vita, beseni kichwani, akaniambia: "Leo watoto watakula bukari."

Mama mdogo hakusema kitu. Alimpelekea mumewe maji ya kunawa.