Njia ya Changarawe

Kusini-magharibi ya Tanzania uko mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ndani yake inapita barabara kuu ya lami, itokayo Dar es Salaam hata Tunduma, mji ulio mpakani mwa Zambia. Mchana na usiku malori hayakomi. Mengine yanakwenda bara yakiwa na mafuta na bidhaa za madukani. Mengine yanarudi pwani na shaba ya Zambia na ya Kongo. Kwa wafanya biashara barabara hiyo ni neema. Kwa mpanda baisikeli ni jambo jingine, maana lori kubwa likimpita, upepo wake humyumbisha kama jani.

Katika nyanda za Mbozi, mbali kidogo na barabara hiyo, alikaa mvulana wa miaka kumi na mitatu pamoja na babu yake. Mvulana huyo alikuwa na rafiki mmoja, na kila siku walikwenda shuleni kwa baisikeli, mmoja mbele na mwenziwe nyuma. Asubuhi moja walipokuwa wakipita kando ya lami, lori liliwapita karibu mno. Yule wa mbele alisikia kishindo nyuma yake. Alipogeuka, alimwona rafiki yake amelala mtaroni, na mguu wake umevunjika. Lori halikusimama.

Rafiki alipona, ingawa alikaa miezi mingi kitandani. Lakini yule ambaye hakuguswa hakupona upesi. Aliitundika baisikeli yake ukutani stoo, akawa anakwenda shuleni kwa miguu. Watu walipomwuliza sababu, alisema tairi limeisha. Babu yake, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kustaafu, alijua kwamba tairi lilikuwa zima, wala hakusema neno.

Ikafika Julai, wakati wa kuchuma kahawa. Siku moja jioni babu akamwambia, "Mjukuu wangu, dada yangu anakaa bondeni karibu na mto Songwe, na mwaka huu hali yake si njema. Nataka kumpelekea unga, maharage na kahawa. Magoti yangu hayawezi mzigo wote peke yangu."

Mvulana akainama. "Babu, lami mimi siipandi."

"Sikutaja lami," akajibu babu. "Tutafuata njia za changarawe."

Usiku ule mvulana aliishusha baisikeli. Akaufuta mnyororo, akautia mafuta, akazikaza breki. Babu akampa pampu, gundi na viraka, akamwonyesha jinsi ya kulifunga gunia kwa mpira ili lisicheze. Akapunguza upepo wa matairi kidogo, akasema, "Tairi gumu mno hurukaruka juu ya mawe. Likilegea kiasi, hushika njia."

Waliondoka alfajiri, na baridi ya Mbozi ikawauma vidole. Njia ilipita katikati ya mashamba ya kahawa, matunda yakiwa mekundu miti tele, na penye nyumba kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya vichanja. Udongo ulikuwa mwekundu. Hapakuwa na ngurumo ya gari. Kilichosikika ni majogoo, na changarawe ikilia chini ya magurudumu. Watu waliokutana nao walikuwa wanawake wenye kuni na watoto wenye mbuzi, na kila mmoja aliamkiwa, kwa sababu katika njia kama ile mtu hampiti mwenziwe kimya.

Jua lilipopanda walifika penye kilima cha Marengi, karibu na kijiji cha Ndolezi, wakaenda kulitazama lile jiwe jeusi liitwalo Kimondo. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua tangu zamani. Wageni walipata habari zake mwaka 1930. Mvulana akaligusa, nalo lilikuwa baridi kama chungu cha maji.

"Babu," akasema, "nimesikia kwamba huku kwetu iko milima ya moto. Je, jiwe hili lilitapikwa na mlima?"

"Sivyo," akajibu babu. "Jiwe hili ni chuma kilichochanganyika na nikeli kidogo, nalo lilianguka kutoka mbinguni. Moto wa nchi hii hutoka chini. Leo utauona, bila ya kuona miali yake."

Wakaendelea, mpaka uwanda ukakoma, na bonde la Songwe likafunguka mbele yao. Ng'ambo ilisimama milima mirefu ya Mbeya. Mvulana akauliza kama ile ndiyo milima ya moto.

"Watu wengi hudhani hivyo," babu akasema. "Lakini ile ni miamba ya kale iliyoinuliwa wakati ardhi ilipopasuka na bonde likashuka. Si kila mlima mrefu ulitapika moto. Milima ya moto iko upande wa mashariki: Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, Ngozi, ambao kilele chake kilibomoka, na sasa shimo lake limejaa ziwa, na Kyejo, uliotiririsha mawe yaliyoyeyuka yapata mwaka 1800. Na kule chini bondeni kuna kilima kidogo, jina lake Panda. Kukiona ni kama kilima cho chote. Lakini nacho kilizaliwa na moto, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita."

Sasa ukaja mteremko. Babu akaonya, "Usikamate breki ya mbele peke yake. Legeza mikono, kaa nyuma, uyatazame mawe yaliyo mbali, si yale yaliyo chini ya gurudumu." Mvulana aliyafuata maneno hayo hata nusu ya mteremko. Ndipo alipoingiwa na hofu, akakaza breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Gurudumu likateleza, naye akaanguka juu ya gunia la maharage.

Kiwiko kilichubuka, maharage yakamwagika. Alikaa katikati ya njia, akingoja kishindo kutoka nyuma. Hakikuja. Kilichokuja ni babu, akishuka polepole huku akiikokota baisikeli yake. Wakaokota maharage pamoja, moja moja.

"Babu, wasema kila siku kwamba mwenda pole hajikwai."

"Hata mwenda pole hujikwaa," akasema mzee. "Lakini yeye huinuka na viungo vyake vyote. Haya, twende."

Chini bondeni changarawe ilikoma ghafula. Mbele yao ilikuwa lami. Malori yalipita mfululizo, matatu yakienda Tunduma, mawili yakija kutoka huko, na ardhi ikatetemeka. Mvulana akasimama, uso wake ukabadilika. "Ulisema hatutapita lami!"

"Nilisema hatutaifuata," babu akajibu. "Mto Songwe uko ng'ambo, na dada yangu pia yuko ng'ambo. Hakuna njia ya changarawe duniani isiyokutana na barabara kuu mahali fulani. Ukitaka, tutarudi, wala sitakulaumu."

Mvulana hakujibu. Aliutazama mtaro, nao ulifanana na ule mwingine. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Tunavukaje?"

"Kwa miguu. Shuka, simama mahali unapoona mbali pande zote mbili. Usiwaamini macho wenye magari, amini nafasi iliyo wazi. Lori lenye mzigo haliwezi kusimama upesi, hata dereva akipenda. Ikiwa una shaka, ngoja. Kungoja hakuna aibu."

Wakangoja. Nafasi ya kwanza ikaja, mvulana akatikisa kichwa. Ya pili ikaja, akatikisa tena. Babu hakumsukuma. Ya tatu ilipokuja, barabara ikiwa tupu pande zote, mvulana mwenyewe akasema, "Sasa, babu." Wakavuka wakikokota baisikeli, bila ya kukimbia. Upande wa pili mvulana akageuka kuitazama lami kwa muda, kama mtu atazamaye mto aliouvuka.

Toka hapo vumbi la njia lilikuwa jeupe, si jekundu tena, kwa maana maji ya moto ya bonde lile yameweka chokaa kwa maelfu ya miaka, nayo imekuwa mawe ambayo watu huyachimba. Kabla ya magharibi walifika penye chemchemi. Mvuke ulipanda juu ya majani, na maji yalitoka ardhini yakibubujika, moto wa kuunguza mkono. Hapo babu alieleza kwamba maji ya mvua huzama chini sana katika nyufa za bonde la ufa, yakapashwa joto na miamba, yakarudi juu yakiwa yamebeba chokaa.

"Basi moto haujafa?" akauliza mvulana.

"Umetulia. Watu wa huku wanaujua, wanauheshimu, na wanalima juu yake. Wenye kupita na magari hawajui kitu. Kwao hapa ni mteremko na daraja tu."

Usiku walilala kwa yule bibi, naye alifurahi sana, akamwita mvulana mume wake, kama ilivyo desturi ya bibi kumtania mjukuu. Akaonja kahawa ya Mbozi, akala kidogo, akalala bila ya kukohoa sana.

Walikaa siku mbili. Asubuhi ya kurudi, walipolikaribia lami, babu alianza kushuka. Lakini mvulana alikuwa amekwisha kushuka, amesimama mahali paonekanapo mbali, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili umenyoshwa mbele ya babu yake, kumzuia.

"Bado, babu," akasema. "Ngoja lile lipite."

Nao wakangoja, hata njia ikawa wazi, wakavuka, wakaanza kupanda mlima kuelekea nyumbani. Jumatatu iliyofuata mvulana alikwenda kwa rafiki yake aliyevunjika mguu, akiikokota baisikeli. Hakumwambia habari za lami. Alimwambia kwamba nyuma ya mashamba ya kahawa iko njia nyingine ya kwenda shuleni, ndefu kidogo, ya changarawe. Na ya kuwa ataingoja siku atakapoweza kupanda tena, waende pamoja, polepole.