Nilimficha Mume Wangu Vidonge

Julai ya Arusha unaijua. Ukungu unashuka kutoka Mlima Meru mpaka madirishani, watu wa Sakina wanatembea na makoti mazito, na usiku blanketi moja halitoshi. Basi katika baridi hiyo hiyo, mimi saa nane usiku natupa shuka, jasho linanitiririka mgongoni kama niko Tanga mwezi wa pili. Nina miaka 36 tu!

Wiki chache kabla nilikuwa nimefanyiwa upasuaji. Uvimbe ulikuwa umeharibu kizazi pamoja na ovari, yaani mifuko ya mayai, vyote vikatolewa. Watoto wawili tunao, hivyo nilijipa moyo kwamba yameisha. Kumbe ovari ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya estrojeni. Zikitoka, mwili unaingia kwenye ukomo wa hedhi mara moja, wakati wanawake wengi hufika huko wakiwa na miaka 50 hivi. Daktari akaniandikia vidonge vya estrojeni. "Kimoja kila siku," akasema, akaita mgonjwa mwingine. Mimi kwa aibu sikuuliza kitu. Nyumbani nako sikusema.

Wiki ya pili joto likaanza kupungua, lakini yakaja mengine. Matiti yalijaa na kuuma, hata kanga ikigusa nasikia. Asubuhi kichefuchefu, jamani, mimba bila kizazi! Kichwa kikauma, tumbo likajaa gesi, misuli ya miguu ikakaza usiku. Mume wangu akisogea, namsukuma. Tukawa tunalala kama abiria wawili wa basi la Dar ambao hawajuani, kila mtu na upande wake.

Halafu shoga yangu mmoja akanitolea macho tukinywa chai: "Wewe, hivyo vidonge vinaleta kansa! Wamarekani wenyewe walivikimbia." Jioni ile nikavificha ndani ya soksi kabatini, nikaacha kumeza. Haikupita wiki, jasho likarudi na usingizi ukapotea.

Mume wangu ndiye aliyevikuta, akitafuta soksi za kuvaa kazini. Akaketi kitandani na paketi mkononi. "Mke wangu, unaumwa nini usichoniambia?" Nikalia, nikamweleza yote. Akachukua karatasi tukaandika maswali, na wiki iliyofuata tukaenda wote kwa daktari mwingine.

Huyu alituketisha, akaanza na hiyo habari ya Wamarekani. Ni kweli, mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamisha sehemu yake moja. Wanawake zaidi ya 16,000 walishiriki sehemu hiyo, wastani wa umri wao ukiwa miaka 63. Waliomeza estrojeni pamoja na projestini walipata saratani ya matiti zaidi, kama wanawake 8 wa ziada kati ya 10,000 kwa mwaka. Sehemu ya pili, ya wasio na kizazi waliopewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. "Wewe una miaka 36," akaniambia. "Tunakurudishia kile ambacho mwili wako ulipaswa kuwa nacho bado." Kwa mtu kama mimi, madaktari kwa kawaida hushauri kuendelea mpaka karibu miaka 50, kulinda mifupa na moyo.

Na yale maudhi? Mara nyingi hupungua ndani ya miezi mitatu. Kichefuchefu kikizidi, meza na chakula au usiku. Yakikataa kuisha, rudi upunguziwe dozi au ubadilishiwe aina. Iko ya kubandika kwenye ngozi na jeli ya kupaka, ambazo hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko vidonge.

Ila yako ya kutosubiri hata kesho: mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua, pumzi kukata ghafla, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito. Hapo ni hospitali dakika hiyo hiyo. Kama uliwahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda, mwambie daktari kabla hujaanza. Na shoga yako usimgawie! Mwenye kizazi akitumia estrojeni bila projestini, ukuta wa kizazi unanenepa na unaweza kupata saratani.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu alinyamaza mpaka Mnara wa Saa. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umenichoka." Nikamwambia, mimi nilidhani unaniona si mwanamke tena. Tulicheka, halafu hatukucheka.

Miezi mitatu imepita. Matiti yametulia, usingizi upo, na kidonge changu kinakaa mezani karibu na sukari, kila mtu anakiona. Msomaji, kama na wewe una chako ndani ya soksi, kitoe leo.